Mdogo wako ametoweka miezi minne: fuata jalada

Pole sana dada. Miezi minne simu ya mdogo wako haipatikani, na kituoni wanakujibu "tunafuatilia" tu. Namba ya RB, ile ya taarifa uliyoandikisha polisi, unayo? Nenda nayo kwa mkuu wa upelelezi wa wilaya, omba rekodi za simu zifuatiliwe. Kampuni ya simu haikupi wewe, inawapa polisi.

Sisi tulipomtafuta ndugu yetu tulizunguka hospitali za Dar es Salaam, Muhimbili, Temeke na Amana, wodini hadi mochwari, tukiwa na picha inayoonyesha kovu lake la kwenye nyusi. Usiulizie jina pekee, ulizia waliopokelewa bila kutambuliwa. Magereza pia.

Akipiga mtu anataka hela ili akuonyeshe alipo, usitume hata mia. Namba hiyo mpe mpelelezi. Ukihisi alikamatwa, wahi Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, wana msaada wa kisheria. Usisubiri: mwandishi wa habari Azory Gwanda alitoweka Kibiti, Pwani, Novemba 2017, mpaka leo kimya.