Dawa za presha: kurudi kliniki kila mwezi au kila miezi 3?

Umeuliza kama mama yako anayetumia dawa za presha lazima arudi kliniki kila mwezi. Si lazima. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2021 uko wazi: ukianza dawa au ukibadilishiwa, unarudi kila mwezi hadi presha ifike pale inapotakiwa. Ikishatulia, kuonwa kila baada ya miezi 3 hadi 6 kunatosha. Kwa hiyo mama yako, kama presha imetulia kwa dawa ileile ya amlodipini, anaweza kuandikiwa vidonge vya miezi 3 kwa mkupuo, mradi kituo kina akiba. Aulize mwenyewe, asisubiri aambiwe. Wanaotumia ARV waliotulia wanapewa za miezi mingi siku nyingi tu.

Nagawa dawa dirishani, na wengi ninaowaona wakirudi na presha juu ni waliokosa nauli, wakakaa siku kadhaa bila kidonge. Inauma, maana hilo linaepukika.

Ila mjamzito au mwenye ugonjwa wa figo afuate ratiba ya daktari wake. Na katikati mama apime presha hata duka la dawa. Ikipanda, arudi kliniki bila kungoja tarehe.