Shangazi, mume wangu anataka kurudi ulingoni

Shangazi, shikamoo. Mume wangu alikuwa bondia wa uzito wa juu, na mpaka leo akipita Mabatini hapa Mwanza kuna watu wanamwita "Bingwa". Alianza kwa kushinda mapambano tisa mfululizo, saba kwa KO, yaani mpinzani anadondoka asiinuke. Nilimkuta tayari ana jina. Baadaye akaanza kupigwa: katika matano ya mwisho ameshinda moja tu, na mara tatu amedondoshwa. Sasa ana miaka 36 na kilo 118. Mchana anabeba magunia ya dagaa Mwaloni, usiku ni baunsa wa baa. Pombe imezidi, anasahausahau, kichwa kinamuuma, watoto wakipiga kelele anawaka. Mama mkwe anasema mimi ndiye niliyemmaliza nguvu, wifi anasema amerogwa. Sasa kuna promota kampigia: pambano nje ya nchi, zimebaki siku 15, atangulize milioni mbili za nauli na vipimo. Anataka tuweke rehani nyumba yetu ya Buhongwa. Nikikataa ananiambia George Foreman, yule bondia wa Marekani, alirudi akawa bingwa na miaka 45. Nimpe moyo au nimzuie? – Mke wa Bondia, Buhongwa

Marahaba, mwanangu. Nikujibu kabla chai haijapoa: huko asiende, na nyumba isiguswe.

Tuanze na yale mapambano tisa, maana ndiyo yanayomsumbua. Simdharau mumeo. Kusimama mbele ya mtu wa kilo mia anayetaka kukuvunja taya si kazi ya kila mwanaume, na wengi wanaomcheka pale Mwaloni wasingemaliza raundi moja. Lakini uzito wa juu katika ngumi za kulipwa unaanzia kilo 90.7 kwenda juu bila kikomo, na wanaume wa mwili huo wanaojua ngumi hapa nchini ni wa kutafuta kwa tochi. Angalia majina yaliyotikisa: Rashid Matumla, Francis Cheka, Hassan Mwakinyo. Hakuna hata mmoja aliyepata jina lake kwenye uzito wa juu. Kwa hiyo akitokea kijana wa miraba minne, wapinzani wanaokotwa. Leo analetwa mzee aliyekwisha kustaafu, kesho mtu wa kilo 80 aliyeshindiliwa ugali ili mizani ikubali, keshokutwa kijana aliyeanza kuvaa glovu juzi. KO zinamiminika, ukumbi unalipuka, naye hajawahi kukutana na mtu anayejua kukwepa na kurudisha. Hata gym hana wa kufanya naye sparingi, yaani ngumi za mazoezi, ya maana, maana wenzake wote ni wepesi. Siku akikutana na bondia wa kweli, anajifunzia mbele ya watu, kwa kipigo. Kuporomoka kwa mumeo kulikuwa kumeshatengenezwa wakati bado anashangiliwa, na wewe ulikuwa hata hujamjua. Lishike hilo, tutalihitaji kwa mama mkwe.

Sasa huyo promota. Simu ya dakika za mwisho kwa bondia wa miaka 36 aliyepigwa mara nne kati ya tano, kwa kawaida inatoka kwa mtu mwenye kijana wake anayepandishwa. Mpinzani aliyepangwa amejitoa, inatafutwa maiti kubwa yenye rekodi inayosomeka vizuri kwenye bango. Walichofanyiwa wale wazee wakati wa yale tisa, sasa ni zamu ya mumeo. Na hapo nimempa promota heshima ya kudhani pambano lipo. Bondia mgeni hutumiwa tiketi, na anayemwita ndiye anayegharamia safari na malazi. Anayeambiwa atangulize milioni mbili ili akapigwe, mwanangu, huyo anatapeliwa. Apige simu TPBRC, kamisheni inayosimamia ngumi za kulipwa nchini, aulize kama wanalijua pambano hilo na kama kuna kibali. Asimwulize promota, aiulize kamisheni.

Foreman nampenda hata mimi. Ni kweli, tarehe 5 Novemba 1994 alimdondosha bingwa Michael Moorer raundi ya kumi, akiwa na miaka 45. Ila mumeo ameruka katikati ya hadithi. Foreman aliacha ngumi mwaka 1977, akakaa miaka kumi akihubiri, kichwa chake kikipumzika. Aliporudi mwaka 1987 hakukimbilia ubingwa. Alianza na wapinzani wa kawaida, akajijenga pambano kwa pambano, miaka saba. Mwaka 1991 bingwa Evander Holyfield alimshinda kwa pointi na hakumdondosha. Hakuitwa kwa simu akaambiwa atangulize nauli.

Akitaka Mmarekani wa kufanana naye, mpe Buster Douglas. Februari 1990, Tokyo, alimpiga Mike Tyson KO raundi ya kumi, wakati wenye kamari walikuwa wamemwekea 42 kwa moja, yaani hawakumtarajia ashinde. Mama yake alikuwa amefariki wiki tatu tu nyuma. Oktoba mwaka huohuo alipanda mizani akiwa na karibu kilo 112, kutoka 105 za Tokyo, na Holyfield akammaliza raundi ya tatu. Akaacha ngumi na mamilioni yake ya dola, akajiachia mpaka akakaribia kilo 180, na mwaka 1994 kisukari kikamlaza hospitali akiwa hana fahamu. Mazoezi ndiyo yaliyomwinua. Alirudi na ulingoni pia, jambo ambalo mimi nisingemshauri. Mwaka 1998 Lou Savarese alimlaza raundi ya kwanza. Lakini alijinasua kwenye hali ile kwa kukimbia na kupiga begi la mazoezi. Hapo ndipo pa kumshikia mumeo. Hamu yake ya gym usiizime hata kidogo. Kukimbia alfajiri, kupiga begi, kuwashikia vijana wa mtaani pedi za kupigia ngumi, yote sawa. Kupigwa kichwani ndiko kuishe, na sparingi ni kupigwa pia.

Maana jambo zito kwenye barua yako umeliandika kwa sentensi moja ukaliruka: kusahau, kichwa kuuma, kuwaka. Madaktari wanalijua hili zamani. Mwaka 1928 daktari wa Marekani, Harrison Martland, aliandika juu ya mabondia waliokuwa wakiyumba kama walevi hali hawajanywa. Ngumi zikijumlishwa miaka, hata zile ambazo hazikumdondosha, zinaweza kuuharibu ubongo taratibu, na dalili zikaja muda mrefu baadaye: kumbukumbu, hasira, huzuni, ulimi kuwa mzito. Sisemi mumeo anao ugonjwa huo. Mpaka sasa unathibitishwa kwa uhakika ubongo ukichunguzwa baada ya kifo, kwa hiyo msitegemee picha moja ya kichwa iwape jibu. Ninachosema ni kwamba dalili hizohizo huletwa pia na presha, kisukari, sonona, kukosa usingizi (na baunsa analala saa ngapi?), pombe yenyewe, au damu iliyovujia polepole ndani ya fuvu. Hayo yana matibabu, na ndiyo sababu ya kumpeleka.

Anzeni hospitali ya karibu, muombe barua ya rufaa kwenda hospitali ya Bugando. Usiende na neno "anasahau" peke yake. Nenda na daftari: siku aliyomwacha mtoto shuleni, swali alilouliza mara tatu jioni moja, kichwa kinauma saa ngapi, amedondoshwa mara ngapi na lini, anakunywa kiasi gani kwa kweli, si kile atakachomwambia daktari. Akianza kutapika na kichwa kinamuuma sana, akilegea upande mmoja, akipata degedege au akilala asiamshike, msisubiri rufaa, ni usiku huohuo.

Hukuniambia kama mkono wake umewahi kukufikia. Kama umewahi, ugonjwa unaweza kueleza hasira, lakini hauwezi kukuweka ndani ya nyumba na mtu wa kilo 118 anayekupiga. Chukua watoto uende kwa ndugu, halafu Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi. Matibabu yake yataendelea ukiwa huko.

La nyumba ni fupi. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 59, inamkataza mwenzi kuuza au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake, hata kama hati ina jina lake peke yake, na inakupa haki ya kuweka kaveati, yaani zuio la kisheria. Usisaini chochote. Kama hamna hati, mwone mwenyekiti wa mtaa mapema, umweleze mbele ya shahidi kwamba hujaridhia, kabla mtu hajamfikia na karatasi.

Kwa mama mkwe, usibishane juu ya nani alimmaliza nani. Imani kwamba mke humlegeza bondia ni ya zamani, ipo kila penye gym, na huwezi kuifuta kwenye sebule ya mtu mzima. Wewe mfuate na daftari lako. Mwambie, "Mama, mwanao kasahau hiki na hiki, naomba twende naye hospitali." Hata anayeamini mwanawe karogwa hakatai kumsindikiza kwa daktari. Na mumeo, ambaye wewe anakubishia, mbele ya mama yake atanyamaza.

Yeye mwenyewe usimwambie anakwenda kupimwa kusahau, atakataa. Si promota kasema kuna vipimo? Mwambie, jambo ambalo ni kweli tupu, kwamba hakuna bondia anayepaswa kupanda ulingoni bila kupimwa, basi apimwe hapahapa Mwanza na daktari asiyelipwa na promota. Zile siku 15 zimeshaanza kukatika tangu uandike, kwa hiyo rufaa iombwe wiki hii. Mama mkwe akae naye kwenye benchi, wewe uingie kwa daktari na daftari.