Madogo wa mipango miji Dodoma, eneo la wazi sio makombo

Juzi dogo wa field kaniletea mchoro, viwanja vimekaa safi, blok zimenyooka, halafu eneo la wazi kalitupa kwenye kipembe kilichobaki kati ya korongo na laini ya umeme mkubwa. Nilitaka kufoka nikanyamaza, maana nilijiona mwenyewe. Naandika kwa namba msije mkasema mzee anapiga stori.

1. Saiti nenda kwa miguu. Picha ya satelaiti ya mwezi wa tisa inakuonesha korongo kama barabara ya mchanga, rudi mwezi wa kwanza ndo utajua.

2. Eneo la wazi lichore KWANZA. Hapa ndo nilipigwa. Serikali ilikuwa inahamia, kila mtu anataka kiwanja Dodoma, bosi anataka idadi tu. Nikakamua viwanja kila kona, kuja kupiga hesabu maeneo ya wazi hayatoshi, nikachukua korongo lote nikalipaka kijani nikaandika "michezo ya watoto". Mchoro ukapita na nikapongezwa juu. Miaka kadhaa mbele napita pale, watoto kweli walichomeka magoli ya miti, ila mchanga wa korongo ni hela bwana, malori yalishakuja kuchimba, goli moja liko ukingoni lingine limelala kwenye shimo linalonizidi urefu. Masika likijaa maji ya tope huoni kina. Mama muuza maandazi akaniambia mwanae alitolewa mle akiwa anatapika maji, halafu akauliza, hivi hawa wanaopimaga huku wana watoto kweli? Sikusema nafanya kazi gani. Nikanunua maandazi ya elfu mbili, hayakulika.

3. Someni master plan za zamani jamani. Makao makuu yaliamuliwa 1973, na ule mpango wa 1976 wa Wakanada wa Toronto ulimpa kipaumbele mtu wa miguu na wa basi. Nyie mnaanza na geti la gari. Na msiwasingizie CDA, ile mamlaka ya kustawisha makao makuu, ilivunjwa 2017, hiyo sahihi kwenye mchoro ni yako.

4. Kivuli. Mvua yetu ni Desemba mpaka Aprili, baada ya hapo ni jua na vumbi. Miti iwe na nafasi yake mchoroni kwenye hifadhi ya barabara, usipoiweka bomba na nguzo zitabeba yote.

5. Bikoni, yale mawe ya mipaka ya viwanja, mkabidhi mtendaji wa mtaa azione kwa macho. Mimi moja niliikuta inazuia mlango wa banda la mbuzi, na mwenye mbuzi akanishukuru kwa jiwe zuri.

Dogo, mchoro wako uko mezani kwangu una wino mwekundu, viwanja kumi na moja vinaondoka, najua utanuna. Jumatatu saa mbili asubuhi tunalitembea hilo korongo mwanzo mwisho, na usije na zile raba nyeupe.