Ukitaka kuielewa seli, yafuate maji

Nasomesha tuisheni ya bayolojia hapa Amu, yaani Lamu, kwa vijana wa sekondari, na mada inayowaangusha wengi si ile wanayoiogopa. Jenetiki wanaiogopa, kwa hiyo wanaisoma. Seli wanaidharau. Wameichora tangu siku za mwanzo, majina yote wanayo, na ukiwauliza mitokondria ni nini wanakujibu hata swali halijaisha: ni nyumba ya nguvu ya seli. Haya. Nguvu hiyo imetoka wapi? Seli isiyo na mitokondria inaishi vipi? Hapo ndipo kalamu zinapoanza kutafunwa.

Nawashauri wanafunzi wangu waiweke kando kwa muda ile orodha ya sehemu za seli. Chagua kitu kimoja kinachosafiri, ukiandame tangu kinapoingia hadi kinapotokea. Anza na maji, kisha sukari, kisha protini. Kufikia hapo utakuwa umeshapita karibu sehemu zote zilizomo kwenye silabasi, na kila moja utaijua kwa kazi yake.

Maji nayapa muda mrefu kuliko vyote, na sababu ni kwamba yanaonekana kwa macho. Nunua kitunguu chekundu, kile chenye rangi ya zambarau. Kipasue, utoe tabaka moja nene. Tabaka hilo lina ngozi mbili. Ya ndani, upande uliobonyea, haina rangi na inabanduka bila shida. Hiyo ndiyo tunayoitia iodini tukitaka kiini kionekane. Ya nje, upande uliobinuka, ndiyo yenye rangi, na kwa kazi hii tunaitaka hiyo. Kata kwa wembe kipande kidogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho, kibandue, kilaze juu ya kioo kwenye tone la maji matamu, yaani yasiyo na chumvi. Kile kioo chembamba cha kufunikia kishushe polepole kuanzia upande mmoja ili hewa isinaswe chini yake. Tazama kwa lenzi ya nguvu ndogo kwanza, kila mara.

Utaona seli ndefu zimepangana, rangi imejaa hadi pembeni. Sasa dondosha tone la maji ya bahari kwenye ukingo mmoja wa kioo cha kufunikia, na ukingo wa pili gusisha kipande cha karatasi ya tishu. Tishu itayanyonya maji matamu na ya bahari yatapita chini ya kioo bila wewe kufunua chochote. Usibanduke kwenye hadubini. Baada ya muda mfupi rangi inaanza kuachana na pembe za seli, inajikunyata, inakoza, mwisho inabaki donge la zambarau katikati huku umbo la nje la seli likiwa vilevile. Jina lake la mtihani ni plazimolisisi, na kusema kweli nimewaona vijana waliokuwa wakisinzia wakigombania zamu ya kuchungulia.

Umbo lililobaki vilevile ni ukuta wa selulosi. Maji na chumvi vyote vinapita humo bila kizuizi. Mwanasayansi wa Uingereza Robert Hooke alipotazama gamba la mti mwaka 1665 aliona kuta hizo tu, kwa sababu seli zenyewe zilikuwa zimekufa zamani. Kilichojikunyata ni kilichozungukwa na utando. Utando wenyewe hutauona: unene wake ni nanomita 7 au 8 hivi, na hadubini ya mwanga haiwezi kutenganisha vitu vilivyokaribiana chini ya nanomita 200. Unachokiona ni mpaka wa rangi, na rangi imo ndani ya vakuoli, ule mfuko mkubwa wa maji ndani ya seli. Utando umeyaacha maji yatoke lakini chumvi haukuipa njia ya upesi hivyo, na lita moja ya maji ya bahari ina karibu gramu 35 za chumvi, kwa hiyo maji yamekimbilia nje kwenye chumvi nyingi. Watahini wanapenda sana kuuliza kati ya ukuta na utando uliojikunyata kuna nini. Wengi huandika hewa. Kuna maji ya bahari yaleyale uliyoyatia, kwa kuwa ukuta hauyazuii.

Rudisha maji matamu kwa njia ileile ya tishu na rangi itatanuka tena. Ikikataa, seli imekwisha kufa, na seli iliyokufa haina tena utando wa kuchagua.

Sasa ondoa ukuta. Chembe nyekundu ya damu haina, kwa hiyo kwenye maji matamu inavimba hadi inapasuka, na kwenye maji ya bahari inasinyaa. Inatulia kwenye maji yenye gramu 9 za chumvi kwa lita, na ndiyo sababu dripu ya chumvi ya hospitali imetengenezwa kwa kipimo hicho. Hili lisome kitabuni. Sitaki kusikia mtu amejichoma sindano kwa ajili ya zoezi langu.

Halafu nenda ukaonje jani. Zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya iko katika kaunti yetu hii, na si aina moja. Tafuta mchu, mmoja wa mikoko hiyo, vuka Manda au nenda upande wa Matondoni, ulambe jani lake siku ya jua kali. Ni chumvi, pengine hata chembe zake nyeupe unaziona. Kijana mmoja aliniuliza, "Mwalimu, chumvi yote hii yatoka wapi, na kwa nini isirudi?" Maswali mazuri yote mawili. Mchu una tezi kwenye majani zinazoisukuma chumvi nje, kutoka mahali ilipo kidogo kwenda mahali ilipo nyingi. Mkoko wenyewe, ule wa mizizi ya kusimama juu kama miguu ya kaa, huizuia sehemu kubwa ya chumvi kwenye mizizi. Maji huvuka utando bila kulipiwa. Kuipandisha chumvi mlima kunagharimu ATP, ile sarafu ya nishati ya seli, na ukifika hapo utakuwa umejiuliza mwenyewe swali la sukari kabla sijakuuliza: hiyo ATP inatoka wapi?

Glukosi haivuki utando kama maji. Inapitishwa na protini zilizopachikwa humo. Ikishaingia haiendi moja kwa moja kwenye mitokondria. Inakatwa vipande viwili kwanza kwenye saitoplazimu, ule ujiuji ulioijaza seli, bila oksijeni, na faida yake ni ATP 2. Vipande hivyo ndivyo vinavyoingia mitokondria, vinavunjwavunjwa, kaboni dayoksaidi inatoka, na kwenye utando wa ndani oksijeni inatumika kumalizia kazi. Utando huo umekunjwakunjwa kwa sababu kazi inafanyika juu yake, hivyo eneo likiwa kubwa na kazi inaongezeka. Vitabu vingi vya shule vinasema glukosi moja inazaa ATP 38. Hesabu za siku hizi ni 30 hadi 32. Mtihani jibu kwa kitabu chako cha darasa, lakini ukienda chuo usishangae.

Chembe nyekundu ya damu iliyokomaa haina mitokondria wala kiini. Inaishi siku 120 hivi kwa zile ATP 2 za kila glukosi, na oksijeni inayoibeba kutwa kucha yenyewe haiigusi. Nani tena atakuambia mitokondria ni nyumba ya nguvu na ukaridhika na hilo?

Jambo jingine linalopoteza alama bure: mmea una mitokondria pia. Kloroplasti inatengeneza sukari palipo na mwanga. Kuitumia sukari hiyo ni kazi ya mitokondria, mchana na usiku, na kwenye mizizi ambako jua halifiki. Zote mbili zina DNA yao wenyewe, na mwaka 1967 mwanabayolojia wa Marekani Lynn Margulis alichapisha hoja kwamba asili yake ni bakteria walioingia ndani ya seli nyingine wakabaki humo. Alipingwa sana. Leo imo vitabuni.

Protini nitaipitia kwa haraka, kwa sababu wenzetu walishaifuata kwa njia hiihii tunayoisema. Huko New York, George Palade na James Jamieson walichukua seli za kongosho la simbilisi wakazipa asidi za amino, yaani matofali ya protini, zenye mnururisho, kwa muda mfupi tu, ili waone zinapita wapi. Katika dakika 3 za mwanzo alama zilikuwa kwenye retikulamu ya endoplazimu, ule mtandao wa utando wenye ribosomu, vijiwanda vya protini, juu yake. Kama dakika 20 baadaye zilikuwa zimeshafika Golgi, kituo cha kufungasha protini. Baada ya saa mbili hivi zilikuwa kwenye vifuko vinavyongoja kumwagwa nje ya seli. Kazi hiyo ilichapishwa mwaka 1967, na mwaka 1974 Palade akapata Tuzo ya Nobel pamoja na Albert Claude na Christian de Duve. Kwa hiyo ukichora njia ya protini, weka na dakika. Zitakuzuia kupanga Golgi kabla ya retikulamu, kosa ninaloliona kila muhula. Maagizo ya kuijenga protini yanatoka kwenye kiini, lakini DNA yenyewe haitoki, inatoka nakala.

Ukitaka mfano ulio mdomoni mwako, tafuna mkate wa mofa bila kuumeza mpaka uanze kuwa mtamu. Amilesi, kimeng'enya cha mate kilichoukata wanga huo, ilipita njia hiyohiyo kwenye seli za tezi za mate.

Kuhusu kuchora: chora ulichokiona. Kila mwaka naletewa kitunguu chenye kloroplasti za kijani, zimenakiliwa kutoka mchoro wa kitabu. Tabaka za ndani ya kitunguu hazipati mwanga, kloroplasti za kazi gani? Ukizitaka, okota nyasi za bahari zilizotupwa ufukweni, zile za majani madogo ya duara refu, *Halophila ovalis*. Jani lake ni tabaka chache tu za seli, mwanga unapita, na kloroplasti zinaonekana bila kukata chochote. Liweke kwenye maji yake ya bahari. Ukilitia maji matamu umeshaliharibu. Hadubini ikiwa moja na nyinyi ni wengi, sogeza kamera ya simu juu ya lenzi ya jicho, ikae mbali kidogo, milimita chache, mpaka duara la mwanga lijae kwenye skrini, kisha piga picha mgawane.

Na usiondoke kwenye hadubini bila kujua ukubwa wa kitu ulichokitazama. Weka rula ya plastiki inayopitisha mwanga chini ya lenzi ndogo kabisa, uhesabu milimita kutoka ukingo hadi ukingo wa duara. Tuseme ni 4, yaani mikromita 4,000. Ukitoa rula ukaweka kitunguu na seli 10 zikajaza upana huo kwa urefu wake, kila seli ina mikromita 400 hivi. Chembe nyekundu ya damu ina 7 au 8, bakteria wengi 1 au 2. Ukiichora ile seli ya kitunguu kwa urefu wa sentimita 8, hizo ni mikromita 80,000. Gawanya kwa 400, ukuzaji wa mchoro wako ni ×200. Hauna kipimo, na alama ya × hutangulia namba. Ile namba unayoipata kwa kuzidisha lenzi ya jicho na lenzi ya chini, mfano ×40, ni ya hadubini, na kwenye karatasi ya tatu ya mtihani, ile ya vitendo, ukiiandika chini ya mchoro alama imekwenda.