Makala yasiyo na moshi: majibu kwa maswali yenu

Swali (mama wa Ndosho, Goma): Mradi mmoja umetugawia mbabula (jiko la makala) bora na kutuambia makala (mkaa) yanaongeza joto la dunia. Mimi nikiwasha makala, moshi unaisha baada ya dakika chache. Huo uchafu uko wapi?

Jibu: Mama, uchafu mwingi umebaki kule yalikochomwa. Mchoma makala hufunika magogo kwa majani na udongo, akayaacha yaive polepole kwa hewa kidogo. Mti ulionyimwa hewa hauungui sawasawa: hutoa gesi ya methani, moshi mzito na gesi ya sumu ya monoksidi ya kaboni. Katika tanuri la udongo la kawaida, kilo 100 za kuni kavu hutoa makala kilo 10 hadi 20 tu. Kuni zikiwa mbichi, nyingi zaidi zinapotea. Udongo ukipasuka hewa ikaingia, mchomaji anakuta majivu. Kwa hiyo kila kilo ya makala unayookoa Ndosho ni kilo 5 hadi 10 za mti zilizosalimika eneo la Masisi au pembeni mwa hifadhi ya Virunga, pamoja na moshi wake.

Methani hukaa hewani miaka 12 hivi, na masizi ya kuni siku au wiki chache. Lakini kwa miaka 20, kilo moja ya methani hupasha joto zaidi ya mara 80 kuliko kilo moja ya kaboni dioksidi, gesi kuu inayopasha dunia joto. Ndiyo sababu wafadhili wanaikimbilia: ukiipunguza leo, nafuu inaonekana wewe mwenyewe ukiwa hai.

Sasa mbabula yenyewe. Ubora wake uko kwenye udongo uliochomwa ulio ndani ya bati, unaozuia joto lisipotee pembeni. Usizimie makala humo kwa maji. Udongo wa moto ukikutana na maji baridi hupasuka, ukabaki na bati tupu. Toa makala kwa koleo, yatie kwenye mkebe wa bati wenye kifuniko kinachobana. Yatazimika kwa kukosa hewa, na kesho utayawasha tena. Sufuria ikichemka, sukuma kidirisha cha hewa hadi ibaki nafasi ya kidole. Maharagi yaloweke usiku kucha: Goma iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi, ndiyo maana maharagi makavu yanakawia kuiva kuliko pwani, na kukawia huko kunakula makala.

Ukitaka kujua kama mradi umekufaa, pima makala kwa mizani: siku 7 kwa mbabula ya zamani, siku 7 kwa mpya, walaji walewale. Miradi mingi huharibikia hapa. Mbabula mpya inawekwa kando ya ile ya zamani, zote zinawaka, halafu ripoti inahesabu zilizogawiwa tu.

Na tunakuomba sana mama, usilale na mbabula inayowaka chumbani. Monoksidi ya kaboni haionekani wala haina harufu, na inaua.

Swali (mfugaji wa Kabare, karibu na Bukavu): Nina ng'ombe 2 wa zizini. Shirika linataka kunijengea mtambo wa biogesi (gesi ya kupikia itokayo kwenye samadi) wa mita za ujazo 10. Wa jirani una moto dhaifu, na jiko linanuka mayai yaliyooza.

Jibu: Kataa 10, omba 4. Pima samadi kwa ndoo kwanza. Tuseme unapata kilo 20 kwa siku. Ukichanganya na maji lita 20, unaingiza lita 40. Kwa baridi ya Kabare mchanganyiko unahitaji kukaa siku 60 hivi, basi ni lita 2,400, pamoja na nafasi ya gesi. Kilo moja ya samadi hutoa gesi lita 35 hadi 40, na jiko hula lita 300 hadi 400 kwa saa: utapika kama saa 2 kila siku. Mtambo mkubwa hauzai gesi zaidi ya samadi unayoulisha.

Harufu ya jirani ni gesi inayovuja, ambayo sehemu yake kubwa ni methani, na methani isiyoungua ni mbaya kuliko moshi tuliotaka kuuondoa. Apake maji ya sabuni kwenye kila kiungo na bomba, akiwa mbali na moto, atazame povu linapovimba. Moto unaorukaruka ni maji yaliyokusanyika bombani. Afungue koki ya chini ayatoe. Tena, gesi isipotumika hujaa ikatokea kwenye shimo la tope. Mkisafiri, punguzeni kulisha mtambo.

Swali (fundi wa frigo, Birere, Goma): Naweza kumwaga gesi ya kupozea R134a hewani na kujaza gesi nyingine, R600a, badala yake?

Jibu: Usifanye lolote kati ya hayo, fundi. Kwa miaka 100, R134a hupasha joto mara 1,430 ya kaboni dioksidi: gramu 100 za frigo moja ni sawa na kilo 143. Gesi za aina ya R134a ndizo zilizowekewa ratiba ya kupunguzwa na nchi za dunia huko Kigali mwaka 2016. Ivute kwa mashine uitie kwenye chupa yake, usipite asilimia 80 ya ujazo. R600a inawaka, frigo isiyotengenezwa kwa ajili yake ina relei na thermostati (swichi za umeme) zinazotoa cheche. Tafuta tundu kwa naitrojeni na povu la sabuni, liunge, vuta hewa yote, ndipo ujaze R134a kwa uzito ulioandikwa kwenye kibandiko.