Kuruta wa polisi analipwa akiwa trening?

SWALI: Asalaam aleikum mhariri. Kijana wangu amepita usaili wa polisi hapa wilayani, anangoja kuitwa Kabalye, chuo cha polisi kule Masindi. Alikuwa na boda ya mkopo na hiyo ndiyo ilikuwa inatulisha, mdogo wake yuko S3, sekondari mwaka wa tatu. Nataka kujua, atalipwa akiwa trening ama mpaka apasi auti, yaani amalize kozi? Jirani yangu ana dada Uingereza, anasema kule wanalipwa tangu siku ya kwanza.
Mama Kuruta, Koboko, Uganda

JIBU: Waaleikum salaam mama, na hongera ya kijana. Jirani hajakudanganya, Uingereza polisi mwanafunzi anakula mshahara tangu anaanza kozi. Huku kwetu kijana anaingia kama konstebo wa majaribio, halipi ada, chakula, kulala na yunifomu ni juu ya serikali, lakini pesa ya mkononi inafuata peiroli, ile orodha ya mishahara ya serikali, na jina kuingia peiroli huwa kunachukua muda. Kwa hiyo mi nakwambia wazi, mwezi wa kwanza usiuhesabu, wa pili pia usiuhesabu. Ikija, alhamdulillahi.

Sasa angalia kitu kimoja kabla hajapanda basi la Masindi. Chukua kitambulisho chake cha taifa na cheti cha S4, weka mezani pamoja, soma herufi kwa herufi. Kwetu huku West Nile hili linasumbua sana, cheti kinasema Muhammad, kitambulisho kinasema Mohamed, akaunti ya benki imeandikwa jina la babu mbele, halafu peiroli inafuata namba ya NIRA, wale wa vitambulisho vya taifa, na wenzake wanalipwa yeye anabaki anaangalia tu. Cheti cha shule kinatoka UNEB, baraza la mitihani, ni kigumu kugusa, wengi wanarekebisha upande wa NIRA, na hiyo kazi ifanyike sasa akiwa nyumbani maana akishanyolewa kichwa hapati ruhusa ya kuja kupanga foleni ofisini.

Akaunti iwe yake mwenyewe na iwe hai. Kadi ya ATM asimwachie kaka wala yule wa mikopo anayeweka kadi za watu kwenye droo. Serikali imejiwekea tarehe 28 ya mwezi kulipa watu wake, ila miezi ambayo haikulipwa inageuka malimbikizo, na yakivuka 30 Juni mwaka wa fedha unafungwa, inabidi yahakikiwe na yatafutiwe bajeti, ndio maana unaona askari ameshapangiwa stesheni na bado anadai ya trening. Atunze barua yake ya kuajiriwa kama roho yake. Na msishangae kukuta pesa imepungua, kuna kodi ya mshahara: mwaka 2012 iliwekwa kwamba anayepata zaidi ya shilingi 235,000 kwa mwezi ndiye akatwe. NSSF, ule mfuko wa akiba ya wafanyakazi, haimhusu, yeye ni wa pensheni ya serikali.

Hiyo boda sasa, usiipaki mama. Mpe kijana mwingine aendeshe alete hesabu ya wiki, muandikiane mbele ya mwenyekiti wa LC1, yule wa kijiji, deni liendelee kulipwa na mtoto wa S3 asirudishwe nyumbani kwa ada. Mtu akikupigia eti kuruta wako yuko hospitali tuma pesa haraka, kata simu, nenda polisi ya karibu, wao ndio waulize kule Kabalye.

SWALI: Mi nina digrii, nikiingia kama kadeti nitalipwa mapema kuliko hao wa S4? Kuna mtu anataka laki tano aniwekee jina.
Binti wa Arua

JIBU: Kadeti anasomea kuwa inspekta msaidizi, kwa hiyo mshahara wake uko juu ya wa konstebo, lakini kusubiri peiroli mtasubiri wote. Kujiunga polisi ni bure dada yangu. Huyo wa laki tano mwambie mkutane stesheni, aiombe mbele ya OC, mkuu wa stesheni.