Maswali ya Wasomaji: Usiku wa kumpokea Krishna nyumbani

Kila Janmashtami inapokaribia, barua zinazotufikia huuliza jambo lile lile kwa maneno mengi: nianze saa ngapi, niweke nini, na nikikosea? Kwa msomaji mgeni wa sikukuu hii: ni usiku Wahindu wanapoadhimisha kuzaliwa kwa Krishna, aliyezaliwa na Devaki katika gereza la mfalme Kamsa huko Mathura, na usiku ule ule baba yake Vasudeva akamvusha mto Yamuna hadi Gokul, akalelewa na Yashoda na Nanda. Puja, yaani ibada, ya nyumbani inamtazama kama mtoto mchanga kwelikweli. Ukilishika hilo, nusu ya maswali hujijibu yenyewe.

Wahariri, salaam. Kalenda ya ukutani inasema leo, ya simu inasema kesho. Nifuate ipi? Na "usiku wa manane" ndiyo saa sita kamili?

Huenda kalenda zote mbili ziko sahihi. Sikukuu huangukia tithi (siku ya mwandamo) ya nane, Ashtami, ya nusu ya giza, yaani mwezi unapopungua. Tithi haianzi saa sita usiku kama tarehe. Hupimwa kwa nafasi iliyopo kati ya mwezi na jua, kwa hiyo huweza kuanza asubuhi, alasiri au katikati ya usiku. Kaya za Smarta, mapokeo yanayoabudu miungu kadhaa, hutafuta usiku ambao Ashtami ipo wakati wa manane. Vaishnava wengi, yaani wafuasi wa Vishnu na Krishna, hutazama siku ambayo Ashtami ipo jua linapochomoza, na hupenda pia mwezi uwe katika nyota ya Rohini. Ndiyo maana mwaka 2025 wengine walisherehekea tarehe 15 Agosti na wengine tarehe 16. Fuata mapokeo ya nyumba yako au ya hekalu unalosali. Kuchanganya kalenda mbili ndiko kunakoleta fujo.

Jina la mwezi nalo lisikutishe. Kaskazini mwa India huitwa Bhadrapada, kwa sababu huko mwezi huishia mwezi mpevu. Gujarat, Maharashtra na kusini huuita Shravana, kwa sababu wao huufunga mwezi mwandamo unapokaribia. Usiku ni ule ule.

Kuhusu saa: manane ya puja, yaani nishita, ni katikati ya machweo na macheo ya pale ulipo, si pale mishale ya saa inapokutana. Piga hesabu hivi. Jua likizama saa 12:40 jioni na kuchomoza saa 12:00 asubuhi, usiku una saa 11 na dakika 20. Nusu yake ni saa 5 na dakika 40, basi katikati ni saa 6:20 usiku. Usiku hugawanywa mafungu 15 na nishita ni fungu la nane, kwa hiyo hapa una dakika kama 45: kuanzia saa 5:57 hadi 6:43. Saa zilizochapwa kwa ajili ya Delhi usizitumie mji mwingine bila kuzipigia hesabu.

Nina sanamu ya shaba ya Bal Gopal, yaani Krishna mtoto, urefu wa sentimita kumi. Naomba hatua za usiku wenyewe, maana mwaka jana nilikuwa nakimbia jikoni huku mikono ina asali.

Kosa halikuwa la usiku, lilikuwa la jioni. Kabla ya saa nne kila kitu kiwe kimefika mahali ambapo mkono wako unafika ukiwa umekaa: sinia lenye kingo za sentimita tano hivi, jagi la maji vuguvugu, taulo mbili ndogo za pamba, nguo na taji, unyoya wa tausi, filimbi, bembea, maua, sandali iliyosagwa na maji, udi, taa ya samli, kengele, na chakula cha kutoa kikiwa kimefunikwa. Sanamu ikae nyuma ya pazia dogo. Mtoto hajazaliwa bado.

Asubuhi ya siku hiyo huwa umeshafanya sankalpa, yaani kuweka nia: maji kidogo na punje nzima za mchele katika kiganja cha kulia, unataja jina lako, mahali, siku na nia yako, kisha unayaachia maji yatiririkie kwenye bakuli. Usiku, anza kwa kuwasha taa, mkumbuke Ganesha, mungu wa kuondoa vizuizi, kisha mwalike Krishna. Wengi hurudia *Om Namo Bhagavate Vasudevaya*, mantra ya silabi 12, mpaka wakati ufike.

Kaskazini mwa India huwekwa tango lenye kikonyo chake karibu na sanamu, au sanamu yenyewe hulazwa ndani ya tango lililopasuliwa. Wakati ukifika kikonyo hukatwa, kwa kisu au kwa ukingo wa sarafu: hicho ndicho kitovu. Hapo pazia hufunguliwa, kengele hulia, na mwenye shankha, kombe la baharini, huipuliza. Tango lisilo na kikonyo halitakufaa, basi mwambie muuzaji mapema asilikate.

Sasa mwogeshe. Kwa sanamu yako, mililita 50 za maziwa zinatosha, kisha mtindi vijiko vitatu vikubwa, samli kijiko kimoja cha chai, asali kijiko kimoja kikubwa, sukari vijiko viwili. Mimina kwa mpangilio huo, na kati ya kimoja na kingine weka maji kidogo. Mpangilio huu una akili yake: samli huacha utando ambao maji baridi hayautoi, asali huushika, na sukari ukiisugua taratibu kwa ncha za vidole huuchukua wote. Maji ya mwisho yawe vuguvugu na ya kutosha, nusu lita hivi. Ukitumia ya baridi samli inaganda kwenye mikunjo ya masikio na vidole, na kesho utaisugua kwa mswaki.

Mkaushe, hasa chini ya kitako na nyuma ya shingo. Mpake sandali, mvalishe, mpe maua, udi na taa, kisha chakula. Ukishaweka chakula, shusha pazia au geuza uso kwa dakika chache. Hakuna anayependa kukodolewa macho akila. Baada ya hapo ni arti, ibada ya taa. Desturi moja inayofuatwa sana ni kuzungusha taa mara nne miguuni, mara mbili kitovuni, mara moja usoni, na mara saba kuzunguka mwili wote. Malizia kwa bembea, kila aliyepo avute kamba mara moja, kisha mlaze. Watu wengi husahau kumlaza, wanazima taa za sebuleni na mtoto amekaa macho.

Panchamrita yangu (mchanganyiko wa maziwa, mtindi, samli, asali na sukari) hukatika na kuelea mafuta. Kwa nini?

Maziwa yalikuwa ya moto, au samli ilikuwa imeganda. Chukua kikombe kimoja cha maziwa (mililita 250) yaliyochemshwa yakapoa, mtindi mbichi usio mchachu vijiko vikubwa vinne, sukari viwili, asali kimoja. Koroga. Samli iliyoyeyuka, kijiko kimoja cha chai, itie mwisho kabisa ikiwa vuguvugu. Samli na asali zisiwe na uzito sawa. Ayurveda, tiba ya jadi ya India, inalikataza hilo, na ndiyo sababu vipimo vya zamani daima huvitofautisha.

Chombo kiwe cha chuma cha pua, fedha, kioo au udongo. Shaba nyekundu ni nzuri kwa maji, lakini mtindi ukikaa humo hula shaba na kinywaji huwa na ladha ya chuma. Panchamrita isiachwe nje ya jokofu zaidi ya saa mbili. Na mtoto aliye chini ya mwaka mmoja asionjeshwe hata tone, kwa kuwa asali inaweza kubeba vijimbegu vya bakteria ambao tumbo la mtoto mchanga haliwezi kuwazuia. Mguse tu midomo kwa maji safi.

Sina sanamu, nina picha ya fremu. Je, puja yangu haijakamilika?

Imekamilika. Picha haiogeshwi, basi. Weka mbele yake kisahani chenye popoo moja, au kioo kidogo kilichoegemezwa kikionyesha sura ya picha, umwagie maji na panchamrita hapo. Picha yenyewe inyunyizie tone la maji kwa ua, uipanguse. Waliomwagia maziwa fremu wanajua yanavyopenya chini ya kioo na kuacha ukungu wa kijani kufikia wiki ya pili. Kama muda au vitu ni haba, mambo matano yanatosha: sandali, ua, udi, taa, chakula.

Wenye sanamu za marumaru nao watahadhari: mtindi na ndimu hula marumaru na kuondoa mng'ao. Tumia maji na maziwa kidogo, suuza papo hapo. Shaba ya manjano ikifanya madoa, ukwaju na chumvi kidogo huirudisha, lakini usiguse macho yaliyopakwa rangi.

Nilisahau kuchuma tulsi, mrihani mtakatifu, jua likazama. Nifanyeje?

Usichume. Tulsi haichumwi baada ya machweo, na kaya nyingi haziichumi Jumapili wala Ekadashi, tithi ya kumi na moja. Okota majani yaliyodondoka chini ya mmea, au tumia ya jana: tulsi haihesabiwi kuchakaa kama maua. Jani moja juu ya kila sahani linatosha, na usiliache, kwa sababu chakula cha Krishna bila tulsi wengi hukiona hakijatolewa. Mwaka ujao chuma alasiri, uyafunge kwenye kitambaa chenye unyevu.

Mfungo: nakula nini, na nafungua lini? Nina kisukari.

Nafaka na kunde huachwa. Hubaki matunda, maziwa, viazi, sabudana (chembe za wanga), unga wa kuttu (buckwheat) na chumvi ya mawe. Wengine hawanywi hata maji. Wewe mwenye kisukari hulazimiki: mgonjwa, mjamzito na mtoto wameondolewa, na dawa hazivunji mfungo. Ongea na daktari wako kabla ya siku yenyewe, maana sabudana ni wanga mtupu na hupandisha sukari haraka.

Kufungua, wapo wanaofungua baada ya arti ya manane, na wapo wanaosubiri asubuhi Ashtami na Rohini zimalizike. Hapa pia fuata nyumba yako.

Chakula kinachopendwa kufungulia ni panjiri, kitamu kikavu cha unga, ya giligilani. Kaanga gramu 100 za unga wa giligilani kwa vijiko viwili vya samli, moto mdogo, dakika tano hadi saba, mpaka harufu ibadilike. Ukiungua kidogo tu huwa chungu na hakuna dawa, anza upya. Acha upoe kabisa ndipo utie gramu 60 za sukari ya unga, iliki na nazi kavu. Sukari ikiingia kwenye moto inayeyuka na panjiri inakuwa mawe.

Nilijaribu seedai za Kitamil, zikalipuka kwenye mafuta. Mama mkwe amesema nina mikono mibaya.

Mikono haina kosa. Seedai ni vidonge vya unga wa mchele na unga kidogo wa choroko nyeusi, na hulipuka mvuke unapokosa njia ya kutoka. Sababu ni tatu: unga haukuchekechwa ukabaki na mabonge, chumvi iliingia ikiwa punje badala ya kuyeyushwa kwenye maji, au ulivisokota vidonge vikawa laini na kubana kama gololi. Chekecha mara mbili. Visokote kwa mkono mwepesi, uso wake ubaki na nyufa ndogondogo. Vitandaze kwenye kitambaa dakika 20. Kaanga vitatu kwanza kwa moto wa wastani, ukiwa umesimama mbali na mfuniko mkononi. Vikitulia, tia vilivyobaki.

Na kwa kuwa umeingia mila ya kusini, zile nyayo ndogo za unga wa mchele huchorwa kwa upande wa ngumi uliochovywa kwenye uji mwepesi, vidole vya mguu vikawekwa kwa ncha ya kidole. Zianzie mlangoni ziingie hadi madhabahuni. Wengi huchora wakirudi nyuma kuelekea mlangoni, halafu vidole vinaelekea nje: mtoto anaondoka badala ya kuingia. Kagua vidole, na kagua kwamba dole gumba liko upande wa ndani wa kila mguu.

Maji ya kumwogeshea nayamwaga wapi?

Shinani mwa mti, si chooni wala kwenye sinki. Yazimue na maji mara tano kwanza, la sivyo asubuhi utakuta sisimizi wamepanga foleni hadi ukutani.